Uhuru Kwanza: Kiswahili katika Santuri ya Randy Weston

Mwezi wa Novemba 1960 wanamuziki zaidi ya 20 walikutanika katika studio moja mjini New York chini ya uongozi wa mpiga piano aitwaye Randy Weston, mtu wa Brooklyn, mrefu wa kiasi cha mita 2, ambaye vidole vyake vilikuwa na nafasi ya kutosha juu ya meno ya piano kuliko vya watu wengi. Santuri waliyoitengeneza ilitoka mwaka 1961 kwa jina la Uhuru Afrika. Ina sehemu nne. Ya kwanza yaitwa Uhuru Kwanza, ya pili African Lady, ya tatu Bantu, na ya nne Kucheza Blues. Msomaji wa Kiswahili aitwaapo mkononi hahitaji mkalimani wa kumfasiria jalada, jambo ambalo ni nadra sana kwa kitu kilichotengenezwa Marekani katika miaka ile. Na aanzapo kuisikiliza hupata mshangao mkubwa zaidi, kwa maana katika utangulizi wake husikika mtu akisema Kiswahili. Hatumii neno moja la mapambo tu, bali anasema shairi zima.

Msemaji huyo ni Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika. Shairi ni la Langston Hughes, mshairi mashuhuri wa Wamarekani Weusi, ambaye pia ndiye aliyeandika maneno ya wimbo wa African Lady na maelezo ya nyuma ya jalada. Nimeisikiliza santuri hii mara nyingi kuliko niwezavyo kuhesabu, nami nakiri kuwa muziki wake naupenda. Lakini nia yangu hapa si kuusifu muziki. Nataka kuuliza lugha yetu ilikuwa ikifanya nini mahali pale, na kama ilikuwa na haki ya kuwapo.

Yafaa kwanza nieleze ni muziki wa namna gani, kwa sababu neno jazi kwetu lina historia yake yenyewe. Katika miji yetu bendi nyingi zilijiita jazi, kama vile Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz na Tabora Jazz, na muziki wao ulikuwa dansi la magitaa na matarumbeta, lenye asili zaidi katika rumba ya Kuba kuliko katika muziki wa New York. Muziki wa Weston ni mwingine. Vita vya pili vilipokwisha, vijana Weusi wa New York walikuwa wamekwisha kubuni mtindo wa haraka na mgumu ulioitwa bibopu, ambao haukutaka kuchezwa bali kusikilizwa. Katikati ya miaka ya 1950 wengine, hasa Horace Silver mpiga piano na Art Blakey mpiga ngoma, waliurudisha mtindo ule nyumbani: wakautia tena sauti za kanisani, na bluzi, na mapigo mazito yasiyoweza kumwacha mguu utulie. Mtindo huo wa pili wapenzi wa jazi huuita bibopu ngumu. Waliokusanyika katika studio ya Weston wengi wao walikuwa watu wa mtindo huo au wa jamaa zake: Freddie Hubbard, kijana wa miaka 22, na tarumbeta lake, Gigi Gryce, Yusef Lateef, Sahib Shihab na Cecil Payne na saksafoni zao, Slide Hampton na tromboni, Kenny Burrell na gitaa, Ron Carter na zeze kubwa la besi, Max Roach na Charlie Persip kwenye ngoma. Pamoja nao walikuwapo wapiga ngoma za mkono, Babatunde Olatunji wa Nigeria, na Candido Camero na Armando Peraza wa Kuba.

Weston mwenyewe alizaliwa mwaka 1926. Baba yake, ambaye alizaliwa Panama katika ukoo wa Jamaika, alikuwa na mkahawa Brooklyn, na alikuwa mfuasi wa Marcus Garvey. Alimlea mwanawe katika fikira kwamba yeye ni Mwafrika ambaye kwa bahati tu amezaliwa Marekani. Mtoto aliyekuzwa hivyo hatazami Afrika kama mgeni atazamavyo picha ya kadi. Hapa ndipo ninapoona tofauti kati yake na wenzake. Mwaka 1958, kwa mfano, Wilbur Harden na John Coltrane walinasa kipande walichokiita Tanganyika Strut. Ni kipande kizuri, tena kina nguvu. Lakini Tanganyika iliyomo humo ni jina tu, kama jina la mji mzuri lililobandikwa katika shanta la msafiri ambaye hajaufika. Lau lingeondolewa na kuwekwa jina jingine, hakuna noti moja ambayo ingelalamika. Katika Uhuru Afrika Weston hakuridhika na jina. Alitaka Afrika iseme, na iseme kwa lugha yake.

Lakini lugha ipi? Afrika ina lugha kwa mamia, naye hakujua hata moja. Alikwenda katika ofisi za Umoja wa Mataifa, mjini kwake mwenyewe, akawauliza Waafrika waliokuwako ni lugha gani ingefaa kulisemea bara zima, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Wakati ule ulikuwa wa kufaa mno. Katika mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilijitawala, na kati ya Septemba na Oktoba nchi 16 za Afrika ziliingizwa katika Umoja wa Mataifa. Wajumbe wenye kanzu na majoho wakaonekana katika barabara ambazo Mmarekani Mweusi alikuwa hajazoea kumwona mtu wa rangi yake akipigiwa saluti. Februari 1961, habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba zilipotangazwa, Wamarekani Weusi waliingia katika ukumbi wa Baraza la Usalama wakafanya ghasia za maombolezo. Jumba lile halikuwa mbali na maisha yao.

Nataka msomaji aangalie jambo moja lililo dogo kwa sura. Sanga alipokuwa akilitamka neno uhuru mbele ya kipaza sauti, nchi yake haikuwa nao. Tanganyika ilijitawala tarehe 9 Desemba 1961, yaani mwaka mmoja na zaidi baadaye; Unguja na Kenya zilingoja hadi Desemba 1963. Na wale waliokuwa wakimsikiliza studioni walikuwa raia wa nchi iliyojitangaza huru tangu mwaka 1776, ambao wengi wa ndugu zao katika majimbo ya kusini hawakuweza kupiga kura wala kuketi kwenye meza ya mkahawa wapendao. Aliyesema na waliosikiliza, wote walitaja kitu wasichokuwa nacho. Ndiyo maana neno lile, katika santuri ile, halina ile ladha ya bendera na gwaride ambayo sisi tumeizoea kila mwaka.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana liko, na wanachuo wamelisema mara kwa mara na hawakukosea katika hesabu yao. Mababu wa Wamarekani Weusi hawakusema Kiswahili. Waliochukuliwa kupelekwa Marekani ya Kaskazini walitoka zaidi Afrika ya Magharibi na pande za Kongo na Angola. Waliosafirishwa kuvuka Atlantiki kutoka pwani ya mashariki walikuwa wachache kwa kulinganisha, na wengi wa hao walitoka Msumbiji na kupelekwa Brazili. Tena kuna jambo lililo zito zaidi. Kiswahili kilikuwa lugha ya misafara. Wenye misafara waliokwenda bara kutafuta pembe na watu walikwenda nacho, wakaagiza nacho, wakahesabu nacho. Je, mtoto wa mtumwa akitafuta lugha ya kuutangazia ukombozi wake, ni halali ampe nafasi hiyo lugha ambayo kwayo watu waliuzwa?

Jibu la kwanza limo katika jina la sehemu ya tatu. Neno Bantu ni la wataalamu wa lugha wa karne ya 19, lakini shina lake ni la watu wenyewe: sisi twasema mtu na watu, Mkongo asema muntu na bantu. Kikongo na Kimbundu, ambazo ni lugha za watu wengi waliopandishwa merikebuni katika pwani ya magharibi, ni ndugu wa Kiswahili, na ndugu wa damu, si wa kuitana tu. Kwa hiyo mtu wa Brooklyn ambaye huenda bibi yake wa mbali alisema Kikongo hakuwa akijitwalia mali ya jirani asiyehusiana naye. Naongeza kwamba Sanga ni jina la Wakinga, watu wa Nyanda za Juu za Kusini, mbali na bahari. Kiswahili chake, kama cha mamilioni ya watu wa bara, yaelekea kilikuwa lugha ya kujifunza iliyokuja juu ya lugha ya mama. Basi hata mwalimu aliyewapelekea Wamarekani lugha hii alikuwa mwenyewe ameipokea kwa wengine, akaifanya yake.

Afrika Kusini, ambako serikali ya ubaguzi ilikuwa imelitwaa neno lilelile Bantu na kulifanya mhuri wa kuwatengea watu shule duni kwa sheria ya mwaka 1953, santuri hii ilipigwa marufuku mwaka 1964. Sijui kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo ambayo muziki usio na maneno mengi waweza kupewa.

Jibu la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito, limo ndani ya neno uhuru lenyewe. Zamani za waungwana wa pwani, mtu aliyezaliwa bila ya kumilikiwa hakuitwa huru. Aliitwa mwungwana, na hali yake ilikuwa uungwana. Huru, neno tulilolitwaa katika Kiarabu, lilitumika hasa kwa mtu ambaye alikuwa mtumwa kisha akaachwa. Watu walisema fulani ameandikiwa huru, na watu wa namna hiyo wakaitwa mahuru. Kwa hiyo uhuru si hali ya mtu ambaye hakufungwa kamwe. Ni hali ya aliyefungwa akafunguliwa, na neno hilo, hata likivikwa mavazi mapya ya siasa, halijalisahau shina lake.

Haya sikuyasoma kwanza katika kamusi. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Pangani siku za Wadachi. Serikali ya Wadachi haikuufuta utumwa katika Tanganyika. Iliruhusu watumwa kukombolewa au kuachwa, ikawapa hati, na kufutwa kabisa kulikuja kwa sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Mama yake bibi alikuwa mmoja wa waliopewa hati. Jambo hili halikusemwa nyumbani kwetu. Lilijulikana kama ijulikanavyo kasoro ya mtoto mpendwa: kila mtu huizunguka. Siku moja, nilipokuwa mtoto wa shule nikijifunza nyimbo za sherehe, nilimwuliza kama yeye aliuona uhuru ulipokuja.

“Uhuru upi, mjukuu wangu?” akaniuliza. “Upo wa bendera, na upo wa karatasi. Wa bendera niliuona, nikaenda uwanjani na khanga mpya. Wa karatasi usiuulize mbele za watu.”

Akafunika chungu chake, na mazungumzo yakaishia hapo. Alifariki bila ya kunionyesha karatasi hiyo, wala sijui kama ilihifadhiwa.

Basi fikiri mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo uhuru wa maana ile ya kale hunong’onwa, asikie siku moja, kutoka katika santuri ya watu wa mbali, neno lilelile likitangazwa wazi mbele ya ngoma, na watangazaji wenyewe wakiwa ni wajukuu wa watu walioachwa huru mwaka 1865. Hawakulionea haya. Hawakuwa na sababu ya kulionea haya, nasi hatukuwa nayo, ila sisi tulijifanyia. Weston ajue asijue, na wajumbe waliomshauri wajue wasijue, hakuna neno katika lugha zote za dunia ambalo lingewafaa watu wake kuliko hili. Lau wangechagua neno linalomaanisha mamlaka tu, au kujitawala tu, lingebeba bendera bila ya kubeba ile karatasi. Uhuru limebeba vyote viwili.

Mwanasarufi atasema kuwa Uhuru Afrika si Kiswahili kamili, kwamba ingefaa kuwa Uhuru wa Afrika. Kama ni jina la kitabu cha historia, nakubali. Lakini mwito hauhitaji kiunganishi. Mtu aliye juu ya jukwaa husema maneno mawili na pumzi katikati, na pumzi hiyo ndiyo sarufi yake. Uhuru Kwanza, kwa upande wake, hakina dosari. Ghana ilikuwa imejitawala tangu 1957, na Nkrumah alikuwa amekwisha hubiri kwamba utawala wa siasa ndio utafutwao mbele ya mengine. Nani asingelielewa jina hilo mwaka 1960?

Sehemu ya pili naipita upesi. African Lady ni wimbo wa kumsifu mwanamke wa Kiafrika, nao huimbwa kwa Kiingereza na Martha Flowers na Brock Peters, wenye sauti kubwa zilizofundishwa kwa ajili ya majukwaa ya maigizo. Ni sauti nzuri. Kwangu zina heshima iliyozidi kidogo, kama mtu avaaye joho kwenda kumwamkia mama yake jikoni. Lakini haki haimruhusu mtu kutaja sifa za wanawake katika santuri hii bila ya kumtaja yule aliyeisuka. Melba Liston, mpiga tromboni aliyezaliwa Kansas City mwaka uleule wa 1926, ndiye aliyepanga sauti zote. Weston alikuja na tuni. Liston ndiye aliyeamua tarumbeta gani iitikie saksafoni gani, na wapi ngoma za Olatunji zipewe uwanja mtupu. Wanawake waliopiga vyombo vya kupuliza katika bendi kubwa za siku hizo walihesabika kwa vidole, na waliokabidhiwa kazi kubwa kama hii walikuwa wachache zaidi. Yeye na Weston walifanya kazi pamoja, kwa vipindi, kwa miaka mingi baadaye. Alifariki mwaka 1999.

Baada ya santuri hii Kiswahili kilienea kati ya Wamarekani Weusi kwa kasi ambayo sisi wenyewe hatukuitazamia. Hughes alikuja Afrika ya Mashariki mwaka 1962, akahudhuria mkutano wa waandishi wa Kiafrika pale Makerere. Mwaka 1966 ilianzishwa sikukuu ya Kwanzaa, ambayo jina lake limetokana na matunda ya kwanza. Weston alizunguka Afrika ya Magharibi na ya Kaskazini mwaka 1967, kisha akakaa miaka kadhaa Moroko, ambako aliendesha klabu ya muziki mjini Tangier. Aliishi hadi mwaka 2018, akipiga piano karibu mpaka mwisho. Na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpiga piano mwingine, Herbie Hancock, aliongoza bendi ambayo kila mtu alikuwa na jina la Kiswahili: yeye Mwandishi, wengine Mganga, Jabali, Pepo Mtoto. Mpiga besi wao, Buster Williams, aliitwa Mchezaji.

Jina hilo la mwisho lanirudisha kwenye sehemu ya nne ya santuri ya Weston. Katika Kiingereza kitendo kimoja hutumika kwa muziki na kwa mchezo. Sisi tumevitenga. Piano hupigwa, ngoma hupigwa, tarumbeta hupigwa au hupulizwa. Anayecheza ni yule aliye uwanjani, mwenye mguu. Mpiga besi aitwapo Mchezaji, sikio la Mswahili humtafuta kwenye mpira au kwenye duara la ngoma. Vivyo hivyo Kucheza Blues. Kama mwenye kulitunga jina alikusudia habari ya wapigaji, basi lugha ilimwendea upande wake, ikalipeleka jina kwa watu wengine, yaani wale wanaoinuka. Nami naona lugha ilifanya vema. Nimesema kuwa bibopu ilitaka kusikilizwa na si kuchezwa, na kwamba bibopu ngumu iliurudishia muziki ule mguu. Katika Kucheza Blues wapulizaji hupokezana mmoja baada ya mwingine juu ya bluzi iendayo kwa mwendo wa furaha, na chini yao ngoma za Lagos, Havana na New York zinakwenda pamoja bila ya kukanyagana. Weston, ambaye santuri ni yake, hajinyakulii nafasi kubwa. Mkono wake wa kushoto hupiga machache, mazito, upande wa chini kabisa wa piano, kisha hungoja.